Mstari wa Dhahabu Alioufuta Fundi Mawimbi

Kila siku akitoka shule, Bisibisi alipitia kwenye kibanda cha babu yake hata kabla ya kuvua sare. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa sababu tangu akiwa binti wa miaka minne alimpa bisibisi kabla hajaiomba. Babu naye mtaa mzima ulimwita Fundi Mawimbi. Alitengeneza redio, na kabla ya kazi yoyote alichovya kitambaa kwenye spiriti, akasugua kila mahali umeme unapopita.

"Adui wa umeme ni uchafu," alisema kila mara. "Mengine ni porojo."

Lakini mwaka huo redio zilikawia kupona. Babu alikaza skrubu moja akaenda msalani, akarudi, akakaza ya pili akaenda tena.

"Babu, unaumwa?"

"Uzee tu, mjukuu wangu. Bomba kuukuu halikosi kuvuja."

Babu alicheka peke yake.

Jumamosi moja shangazi yake Bisibisi, mtaalamu wa maabara, alileta kifaa kipya kwenye zahanati ya mtaa. Kilikuwa bado katika majaribio. Tone la damu liliwekwa kwenye kijiti chenye mstari wa dhahabu, umeme kidogo mno ukapita, kisha namba ikatokea. Mzee aliyepata namba kubwa alipelekwa hospitali kuchunguzwa saratani ya tezi dume, kiungo kidogo cha wanaume kilicho chini ya kibofu.

Zamu ya Babu ilipofika, shangazi aliweka kijiti mezani, akageuka kutafuta pamba. Babu alikitazama kijiti kwa jicho la fundi. Akachovya pembe ya leso kwenye spiriti iliyokuwa pale, akausugua ule mstari mpaka ukang'aa. Alipoona mjukuu wake anamtazama, akamkonyeza.

Namba ilitoka ndogo sana. "Baba, uko salama!" shangazi alisema, machozi yakimlenga. Babu alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake, wakiosha vyombo, Bisibisi aliuliza, "Shangazi, ile dhahabu kazi yake nini?"

"Inapitisha umeme. Ila juu yake tumepaka kingamwili, vitu vidogo visivyoonekana, vinavyonasa protini inayotoka kwenye tezi dume. Vikinasa nyingi, umeme unabadilika na namba inapanda."

"Na mtu akiufuta kwa spiriti?"

Shangazi akacheka. "Mwendawazimu gani huyo? Ataviharibu vyote. Namba itakuwa ndogo hata kama ni mgonjwa."

Sahani ilimponyoka Bisibisi mkononi. Alitaka kusema, lakini angemwitaje babu yake mwendawazimu mbele ya shangazi, binti yake mwenyewe? Akainama kuiokota ile sahani. Usiku hakulala vizuri, na darasani hesabu zote alikosa.

Jumanne alimkuta Babu ameshika ukuta wa kibanda, amekunja uso kwa maumivu.

"Babu, ulifuta dawa ya kipimo. Ile namba si yako."

"Miaka arobaini nasafisha umeme, leo wewe unifundishe?" Babu alifoka. Kisha sauti ikashuka. "Usimwambie shangazi yako. Namba yangu nimeshapata, niache nayo."

Ndipo Bisibisi akajua kwamba Babu anaogopa.

"Redio ikikoroma, Babu, huwa unaizima halafu unasema imepona?"

Bisibisi alitoka mbio, akamweleza shangazi kila kitu huku akilia.

Shangazi alimrudisha Babu zahanati, na safari hii alishika kijiti mwenyewe. Namba ilipanda. Hospitali walimpima damu tena, wakampiga picha, wakachukua kipande kidogo cha tezi. Wiki zote hizo Babu hakumwita Bisibisi kibandani. Binti alipita kando ya ule mlango uliofungwa, moyo ukimuuma, akijiuliza kama alifanya vibaya.

Majibu yalipotoka, daktari alisema ni saratani kweli, ila ilikuwa bado ndani ya tezi, haijasambaa. Ingeweza kutibika, na Babu akaanza matibabu.

Babu aliporudi kazini, amekonda, jambo la kwanza alilofanya ni kuita, "Bisibisi! Njoo." Alimkalisha kwenye kigoda chake. "Nilikukasirikia kwa sababu ulisema kweli niliyokuwa naikimbia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nusura kiniumbue. Ukiona mtu unayempenda anaficha ugonjwa, usimsaidie kuficha. Sema, hata akununie."

Bisibisi aliitikia kwa kichwa.

Baada ya miezi mitatu walikwenda wote kwenye kipimo cha kuangalia maendeleo. Shangazi aliweka kijiti mezani, akasita, akamtazama baba yake.

Fundi Mawimbi aliiangalia ile chupa ya spiriti. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaikalia mikono yake yote miwili.