Folda Tupu ya Wayua

Wayua alikuwa akipepeta ndengu nyuma ya jikoni, pale Migwani, simu ilipolia. Alikuwa Mulwa, mwenzake wa kazi aliyekaa Kambu. Wawili hao walitengeneza programu ya simu ya chama cha wakulima, na kila walichoandika walikiweka kwenye repo, ghala la mtandaoni linalokumbuka kila faili, nani aliiongeza na lini.

"Mama Nzisa, si ulisema unapumzika?"

"Napumzika. Niko na ungo mkononi."

"Basi nani ameongeza folda leo asubuhi kwa jina lako?"

"Ina nini ndani?"

"Hiyo ndiyo shida. Haina kitu. Haina hata jina."

Wayua aliweka ungo chini. Repo haihifadhi folda tupu. Usipoweka faili hata moja ndani, ghala halioni chochote. Ni kama hukufanya kazi. Kila anayeanza kazi hiyo hufunzwa hayo wiki ya kwanza.

"Ifute," alisema. "Ni hitilafu tu."

Mulwa akaifuta. Ndani ya nyumba mtoto mchanga akalia, kilio kifupi cha mtoto aliyenyang'anywa titi, na kabla Wayua hajajiambia kwamba ni mbuzi wa jirani, blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa.

Nyumba hiyo haikuwa na mtoto mchanga. Ilikuwa naye siku mbili, wiki tatu zilizopita. Alizikwa kando ya mtaro wa shamba bila jina, kwa sababu jina hutolewa siku ya tatu. Wayua aliomba apewe hata hivyo. Mumewe, Kimeu, alikataa. Ndolo, jina la marehemu baba yake, lingengoja mtoto atakayeishi. Tangu hapo hakuna aliyemtaja.

Wayua alikimbilia ndani, akamkuta Nzisa, binti yake wa miaka minne, amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyozimwa. Chumba kilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Nani amelia?"

"Huyu. Anasema hana pa kukaa."

Simu ilikuwa bado sikioni. "Imerudi," Mulwa alinong'ona.

"Futa."

Safari hii kilio hakikukatika. Kilitoka kwenye kompyuta, kikatoka ukutani, kikatoka chini ya kitanda ambako sanduku la nguo za mtoto lilikuwa limefungwa kwa kamba, na kadiri kilivyorefuka ndivyo Nzisa alivyoinama, polepole, hadi shavu lake likagusa sakafu, na Wayua alipomnyanyua aliona midomo yake imekuwa ya kijivu na mkono wake baridi kama mkono mwingine aliowahi kuushika wiki tatu zilizopita.

"Msifute tena!" Kalekye, mama mkwe, alikuwa amesimama mlangoni. Akashusha sauti. "Mimi ni mama wa kanisa, haya sipendi kuyasema. Mtoto asiye na jina bado ni wa aimu, wale waliotangulia. Huyu wao hawakumpokea, na sisi hatukumpokea. Akikosa nafasi yake atachukua ya dada yake. Katika hiyo kazi yenu, kitu huhesabiwa vipi?"

"Mwaitu," Wayua alimjibu mama mkwe wake, "lazima kiwe na jina, na kiwe na kitu ndani."

"Basi mwite mumeo, mwenye jina."

Kimeu alifika kutoka sokoni akihema. "Mnanitoa sokoni kwa sababu ya kompyuta?"

"Mshike mtoto wako mkono," Wayua alisema.

Aliushika. Alikaa nao muda.

"Baba alikuwa mtu mkubwa," alisema. "Nilitaka jina lake lipate mtu wa..."

"Baba Nzisa, ukubwa wa baba yako sijauliza."

Kimeu alifunika uso. "Andika Ndolo."

Wayua aliwasha kompyuta, akaipa folda jina hilo, na ndani yake akaandika. Kilo mbili na robo. Alizaliwa Jumanne alfajiri. Nywele nyingi. Alinyonya mara sita. Alikufa Jumatano mchana. Mama, Wayua. Baba, Kimeu. Alitafuta kingine cha kuandika, hakukipata. Akaiongeza faili hiyo kwenye repo, na repo, kama inavyomuuliza kila mtu, ikamuuliza amebadilisha nini. Aliandika: Nimemwongeza mwanangu.

Kilio kikakoma.

"Nimeiona," Mulwa alisema simuni. "Sitaigusa, dada."

Nzisa aliomba maji.

Jioni Kalekye alipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe. Kimeu aliombea chakula akiwataja mmoja mmoja: mama yake, mkewe, Nzisa.

"Na Ndolo," alisema.

Macho yakiwa bado yamefumbwa, Nzisa alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi ndogo. Kalekye aliitazama ile nafasi, sahani mkononi.

"Na yeye nimpakulie?"

"Bado hajaanza kula," Wayua alisema. "Akae tu."

"Basi tuko watano," Kalekye akasema, akafunika sufuria.