Wawili wa Darajani

"Dada, rudi nyuma ya kamba! Picha hiyo ina miaka mia mbili, si kioo cha saluni."

Ukumbi wa makumbusho ulifurika wanafunzi. Fundi wa picha aligeuka, gauni lake la kijani limejaa madoa ya rangi, akakutana na mlinzi mrefu mwenye sare iliyonyooka kwa pasi.

"Mimi ndiye nitakayeisafisha, kaka."

"Kumbe daktari! Sasa mgonjwa atapona vipi ukimpumulia hivyo?"

Fundi alicheka, na kucheka kukamponza. Wiki ya tatu, picha ikiwa karakanani ghorofa ya juu, mlinzi alipiga simu kutoka mlangoni chini.

"Umekula, laazizi?"

"Bado."

"Ndiyo maana nasikia ngurumo huku!"

Mchana akapanda na chakula. Akaonyesha kwenye picha, katikati ya daraja la mto: mwanamke wa gauni la buluu na mwanamume mwenye kofia.

"Marehemu mama alifagia jumba hili. Aliniambia hao ni yeye na baba. Picha nyingine yao sina. Najua alinidanganya, usinicheke."

Fundi hakucheka. Alikuwa ameshagundua kwamba wawili wale walichorwa na mkono mwingine, miaka mingi baada ya mchoraji kufa. Na kazi yake ni kuondoa kisicho cha mchoraji. Akafunua chakula bila kumwambia.

Alimwandikia mkurugenzi kuomba waachwe. Jibu likaja neno moja: Waondolewe. Nakala ya jibu ikabandikwa chumba cha walinzi.

"Ulijua?" aliuliza mlinzi simuni.

"Nilijua. Nilishindwa tu..."

Simu ikakatwa. Siku nne fundi alipiga, haikupokelewa.

Siku ya tano, mwenye kofia akiwa ameshafutika, mlango ulifunguliwa.

"Katibu wa mkurugenzi kanionyesha barua yako," alisema mlinzi. "Nisamehe, mpenzi."

"Haikusaidia kitu."

"Hata mimi sina la kufanya. Malizia. Usimwache mama peke yake pale."

"Siwezi peke yangu."

Mlinzi aliushika mkono wake wa kushoto, akaukumbatia kwa viganja viwili. Wa kulia ukapitisha pamba yenye dawa, mara moja, mara mbili. Buluu ikahamia kwenye pamba. Yakabaki mawe ya daraja.

"Naomba hiyo pamba."

"Hairuhusiwi. Inawekwa kwenye mfuko, inaandikwa namba."

"Basi andika vizuri."

Fundi akaandika, machozi yakidondokea meza, mwandiko ukienda upande, maana mfuko uliteleza na mkono wa kuushikilia ulikuwa bado haujaachiwa.