Mkono Uliomchora Dereva

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika wanafunzi siku msusi mmoja alipodondosha karatasi zake mlangoni. Mwanamume mrefu, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka kama rula, aliinama kuziokota, akaona picha iliyochorwa kwenye mojawapo, akasahau kuinuka.

"Huyu si yule mwanamke dereva wa lori wa kwenye vitabu vya katuni?"

"Ndiye. Ulidhani nani, shangazi yako?"

"Umemchora vizuri kuliko wenyewe, dada. Na najua ninachosema. Mimi ndiye ninayepanga kurasa za vitabu hivyo."

"Basi waambie wenyewe wamvalishe viatu. Lori haliendeshwi na kandambili."

Mwanamume aliondoka na namba yake ya simu. Miezi mitatu simu hazikupoa. Yeye alimwita "kipenzi changu cha wino," msusi akambandika jina la Rula. Hata mtoto mchanga wa msusi, aliyemlea peke yake, alizoea kusinzia kwa sauti ya Rula ikitoka kwenye spika. Ile picha ya dereva, Rula aliiomba, akaitundika juu ya meza yake kazini.

Kisha toleo jipya likatoka. Mteja aliingia nalo saluni, akakaa kusukwa. Msusi akachungulia jalada, chanuo likamsimama mkononi. Dereva wake. Hata shati lilikuwa lilelile, kifungo kimoja kimerukwa, maana siku ile alijitazama kwenye kioo akachora, katoka tu kumnyonyesha mtoto, na kosa hakuliona mpaka wino ulipokauka. Akafungua ukurasa wa majina. Lake halikuwepo hata la dawa.

Alipiga simu palepale, viganja vimejaa mafuta ya nywele.

"Umeniuza, Rula."

"Nani kakuuza? Ngoja, mpenzi..."

"Mpenzi tuliweke kando. Uliwapa, hukuwapa?"

"Mhariri aliniomba nakala. Alisema ya kubandika ukutani ofisini. Nikampa, kwa majivuno yangu ya kijinga. Jalada hakunipitishia. Nimeliona jana, nikaogopa kukupigia."

"Basi endelea kuogopa."

Wiki nzima simu za Rula ziliita mpaka zikachoka. Msusi alilia, halafu akaacha. Machozi hayachapishi jina. Jumatatu alivaa gauni lake la kijani, akambeba mwanawe mgongoni, akapanda ngazi za kampuni hadi orofa ya nne bila miadi.

Mhariri mkuu alimkaribisha kiti kwa tabasamu la kumbembeleza mgonjwa.

"Binti yangu, mhusika ni wetu. Wewe ni shabiki tu. Tungetaka, tungekushtaki wewe kwa kumchora."

"Mhusika ni wenu, baba. Mkono ni wangu. Na kama kumchora ni kosa, mbona kosa langu mmeliweka jalada la mbele?"

Mhariri alikohoa. "Toleo la pili linaenda mtamboni kesho. Tutaandika 'shukrani kwa mashabiki.'"

"Mashabiki hawakuchora. Nimechora mimi, na nina jina."

Mlango ukafunguka. Rula aliingia, macho mekundu, shati halijaona pasi.

"Toleo la pili silipangi, bosi, mpaka jina lake liwe chini ya picha. Na nitaandika barua kwamba mimi ndiye niliyekupa nakala, bila yeye kujua. Hata mahakamani nitaisoma."

"Kazi unaitaka wewe?"

"Naitaka sana. Hiyo moja tu ndiyo siifanyi."

Mhariri alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mpangaji mwingine wa kurasa hakuwa naye, na barua kama hiyo asingependa isomwe popote. Akavuta karatasi. Msusi alimtajia majina yake matatu, herufi kwa herufi, akamtaka ayasome kwa sauti, kisha akamwongezea sharti: picha nyingine wakiitaka, waje kuomba kwanza. Mhariri akatia sahihi.

Kwenye ngazi Rula alimfuata kwa nyuma.

"Umenisamehe?"

"Nusu. Kunitetea umenitetea. Lakini tangu mwanzo hukuniuliza, na hapo ndipo paliponiuma."

"Basi leo nauliza. Nikuoe?"

Msusi alisimama, akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi ambebe.

"Njoo uniulize Jumamosi, mbele ya mama yangu. Jibu ninalo tayari, Rula. Ila nitalitoa siku nitakayopenda mimi."