Kofi Mbele ya Tundu la Chui

Paa!

Kofi lilitua kwenye shavu la mwanangu Colette, mbele ya tundu la chui. Darasa zima likageuka.

Aliyempiga ni mwalimu wake, Hubert. Shemeji yangu! Mdogo wa marehemu mume wangu, mtu ninayempikia mboga ya sombe kila Jumapili...

Niliwaacha watoto niliokuwa nikiwaonyesha nyani, nikakimbia.

"Hubert! Uko na wazimu?"

"Citoyenne, rudia kazi yako," alijibu bila kunitazama.

Citoyenne? Mimi? Siku zote ananiita Mama Colette!

Wasomaji wangu, hii ni Kisangani ya enzi za Zaire, chama kimoja tu. Majina ya kizungu kama Colette na Hubert yamekatazwa, tunaitana hayo wenyewe kwa wenyewe tu; mbele za watu kila mtu ni citoyen au citoyenne, yaani raia. Na picha ya Rais mwenye kofia ya ngozi ya chui iko kila ukuta.

Siku hiyo shule ilileta watoto kwenye bustani ya wanyama, kando ya mto Tshopo, wajifunze wanyama wa msituni. Mimi na rafiki yangu Agathe tulikuja kusaidia kuwachunga.

Nikamvuta Colette pembeni.

"Ulifanya nini?"

"Nilisema tu chui iko muzee, mama. Meno imeisha, inalala tu... Nikauliza, juu ya nini hawaitoe, waweke ingine?"

Nikamziba mdomo.

Siku hizo ukisema chui, hakuna aliyefikiria mnyama! Watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Na swali la kwanza lingekuwa: mtoto amefundishwa na nani?

Nikageuka. Chini ya mti alisimama bwana mmoja wa abacost nyeusi, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali, miwani ya jua usoni. Hubert alikuwa ameshamfikia. Akamnong'oneza. Kisha wote wawili wakanitazama.

Hubert huyo ndiye anayeongoza nyimbo za chama shuleni kila asubuhi. Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Agathe akanikumbatia kwa nyuma.

"Mama Colette, shemeji yako anakuuza. Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Nifanye nini?"

"Usirudi nyumbani. Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko, watakuvusha ng'ambo na mutumbwi, sasa hivi. Kazini nitasema uko mugonjwa."

Tulifanya kazi ofisi moja huko Makiso. Yeye alikuwa msaidizi wangu. Nilimwamini.

Tukatoroka kwa mlango wa nyuma, mimi na Colette.

Jua linashuka, tukafika kwenye maporomoko. Maji yanapiga kelele, wavuvi wananing'inia kwenye miti wakivuta mitego yao mikubwa. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi...

"Citoyenne! Unaenda wapi na mutoto?"

Yule wa abacost!

Amejuaje niko hapa? Hubert hakujua. Aliyejua ni mtu mmoja tu...

Agathe.

"Donc, kumbe unakimbia," alisema yule bwana, akanishika mkono. "Mutu hakimbie bure."

Nikajaribu kuuchomoa mkono wangu.

Filimbi ikalia nyuma yetu.

Hubert! Shati limelowa jasho, na darasa zima likimfuata kwa mstari, wanahema kama mbuzi wa soko.

"Ah, citoyenne, asante kwa kututangulia!" alipaza sauti. "Kwanza ilikuwa wanyama wa pori. Sasa ni samaki. Watoto, nani anajua mutego huu?"

Vidole vikapanda juu. Mvuvi mmoja akainua samaki anayerukaruka, watoto wakapiga kelele za furaha.

Yule bwana alituangalia mmoja mmoja. Kisha akainama mbele ya mwanangu.

"Na wewe, mutoto. Chui uliiona namna gani?"

Nilimshika Colette bega.

Colette alimtazama Hubert. Akajigusa shavu.

"Iko na nguvu sana, papa. Hakuna munyama kama ile."

Bwana akacheka, akampapasa kichwa, akaenda zake.

Jamani... mwanangu hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Lile jibu liliniuma kuliko kofi.

"Ulimwambia nini yule mutu kule?" nikamuuliza Hubert.

"Nilisema mutoto aliingiza mukono kwa tundu, nikamupiga. Akakubali. Kisha nikaona Agathe langoni, iko anamunong'oneza yule mutu, anaonyesha upande wa maporomoko. Ungevuka, shemeji, ungekuwa umekiri."

Akachuchumaa mbele ya Colette.

"Samahani, mutoto yangu. Chui iko muzee kweli."

"Sasa juu ya nini ulinipiga?"

"Kule hakukuwa na kelele ya maji ya kuficha maneno yako."

Wamama wenzangu, ukimuona aliyemuumiza mtoto wako, muulize kwanza sababu. Na mtu akikuhimiza ukimbie haraka, jiulize nani atakalia kiti chako.

Mimi Jumatatu niliwahi ofisini kuliko wote. Mlango ukafunguliwa, Agathe akaingia na maua ya kupamba meza.

Meza yangu!

"Weka tu hapo," nilimwambia. "Kisha uniletee chai."