Kofia Iliyoshuka Mpaka Kwenye Nyusi

Wasichana, pendeni sindano, lakini msimfiche mtu jambo eti mnataka kumfurahisha. Sikieni yaliyompata Zuena wa mtaa wa Cheyo.

Zuena alianza kudarizi ana miaka sita, na mpaka leo akikaa siku nzima bila sindano vidole vinamwasha. Siku hiyo soko kuu la Tabora limefurika, naye anachagua uzi mweupe wa kofia, baibui lote vumbi. Kijana mwenye nywele kama kichaka akapenyeza mkono mbele yake.

"Nipe shazia tatu, za kushonea marobota ya tumbaku."

"Kaka, watu huwaoni?"

"Nimekuona wewe. Wengine sijawaona."

Zuena akacheka, na hakutaka kucheka. Kijana akajitaja: Lukumani, mkulima wa tumbaku wa kijiji cha Goweko. Wakapeana namba, simu zikaanza.

"Umekula, mshona magunia?"

"Nimekula, mshona kofia wangu. Ila sijashiba, sijakuona."

Siku nyingine alipokuja mjini, Zuena akamwambia, "Inama nikupime. Nina mteja ana kichwa kama chako." Akazungusha uzi juu ya zile nywele, akafunga fundo kuwa alama ya kipimo. Uongo mtupu! Kofia ilikuwa ya Lukumani mwenyewe, aivae siku ya kujitambulisha nyumbani. Miezi minne Zuena alitoboa tundu moja moja na kulidarizi ukingo, mpaka macho yakauma.

Siku ikafika. Lukumani kaja na kanzu iliyopigwa pasi, kichwa kimenyolewa kinang'aa, ili mkwe aone mtu wa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitika Bi Zamda, mama yake Zuena.

Zuena akamvisha kofia. Ikashuka mpaka kwenye nyusi.

"Hii ya nani?"

"Yako."

"Yangu, au ya yule mteja wako?"

"Mteja gani?" Zuena alikuwa ameshausahau uongo wake. Alipoukumbuka uso ukambadilika, na Lukumani akauona.

"Haya. Msalimie huyo mwanamume wako." Akatoka na kofia mkononi, hata hajui kwa nini ameichukua.

Zuena akabaki kama mtu aliyepotea njia kwao. Kapima mwenyewe, kakosea wapi? Akipiga, simu haipokelewi. Tangu siku hiyo hakugusa sindano, na Bi Zamda akaogopa kuliko kama angemwona na homa.

Kule Goweko tumbaku ikawabana miezi kadhaa, hakuna aliyewaza kinyozi. Asubuhi ya Idd ya kuchinja Lukumani akakosa kofia nyingine, akavaa ile. Ikakaa. Akaivua, akaivaa tena. Akapiga simu.

"Zuena, kofia imepungua!"

"Kofia haipungui."

"Wallahi imenikaa!"

Zuena akauliza taratibu, "Nywele zako zikoje?"

"Nyingi. Sijanyoa tangu ile siku..." Akajipapasa kichwani.

Jioni Lukumani alikuwa mlangoni kwa kina Zuena, Cheyo. Zuena akaingia ndani, akatoa ule uzi wa kipimo kwenye kopo la sindano, akaja kumzungushia kichwani. Ncha ikaangukia kwenye fundo.

"Mimi nilidhani mteja..."

"Mteja ni wewe. Mimi nilidanganya, na wewe hukungoja jibu. Tumepoteza miezi."

"Nije na wazee Jumapili?"

"Njoo nao. Na usinyoe."

Ndani, Bi Zamda aliyasikia yote, hakujua acheke au alie. Akalivuta lile kopo, akatunga uzi kwenye sindano, akampelekea binti yake.