Kijitabu Kilichobanwa Pande Zote

Kijitabu kilikuwa kimebanwa pini pande zote. Si mgongoni tu, mahali ambapo vijitabu vya picha hubanwa, bali juu, chini, na hata upande wa kufungulia, pini baada ya pini, usingeweza kupenyeza ukucha. Fundi alikigeuza mkononi akacheka peke yake. Alikuwa akijalidi vitabu tangu ujana na ameshaona kila ujinga unaofanyiwa karatasi, lakini kitabu kilichofungwa ili kisisomwe ndiyo kwanza akione.

Alikuwa amekikuta chini ya sanduku la marehemu mama yake, na jalada alilitambua kabla hajapangusa vumbi. Jasusi Kimya, koti refu, mguu mmoja hewani, maadui wakianguka kila mmoja na upande wake. Utotoni alilisoma toleo hilo mpaka akajua kila pigo. Siku moja aliujaribu mguu wa jasusi kwenye mlango wa jikoni. Mlango ukabaki salama, kidole gumba kikavimba wiki nzima. Kisha kijitabu kikapotea, na kila alipokiulizia, mama alimwambia akacheze nje.

"Hiki ndicho kilichonitia kichaa nikiwa mdogo," alimwambia mkewe, aliyekuwa sebuleni akishona. "Jasusi anaingia nyumba ya adui kutafuta ramani, wanamfungia kwenye chumba kisicho na mlango. Halafu toleo linaishia hapo hapo, na jingine halikutoka."

"Kwa hiyo mpaka leo yumo humo, maskini," mkewe akasema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Yumo."

"Basi nenda kamtoe. Ukishamwokoa huyo, ukumbuke na taa ya chooni, nayo inasubiri shujaa."

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma, chenye mlango mmoja na harufu ya gundi. Kila mjalidi anajua kwamba kutu hula karatasi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoa pini kuukuu, ndipo kitabu kishonwe upya kwa uzi. Mtu mwingine angezikata kingo kwa mkasi, akasoma, akakitupa. Yeye alikipenda mno. Akachukua koleo ndogo, akazing'oa pini zote taratibu kana kwamba anamtoa mtoto miiba mguuni, akazitupa kwenye ndoo ya taka.

Pini ya mwisho ilipotoka, harufu ilipanda kutoka kwenye kurasa, harufu ya chumba kilichofungwa miaka, ya jasho la kale na pumzi ya mtu ambaye hajasema kwa muda mrefu. Fundi alikunja pua, lakini hakukiacha. Alifunua ukurasa wa mwisho. Aliukumbuka vizuri: jasusi kajibanza pembeni, ngumi mbele ya uso. Pembe ilikuwepo. Kuta zilikuwepo. Jasusi hakuwepo.

Sebuleni, mkewe alisikia kishindo, kama kisigino kikipiga ukuta. Akatabasamu. Kikaja kingine. Huyu mzee wangu kaanza mateke, aliwaza. Kilipokuja cha tatu, mkasi ulitetemeka juu ya meza.

"Fundi, utavunja na kidole cha pili," akaita.

Ilikuwa mchana mweupe, jirani akianika nguo nje, redio ya mtu ikiimba. Alikwenda mlangoni akazungusha kitasa. Kilizunguka vizuri, ila mlango haukusogea.

"Fundi, fungua."

"Nifungue wapi?" Sauti ya mumewe ilikuwa ya chini na ya mbali.

"Mlangoni. Hapa ninapogonga."

"Nakusikia ukigonga," akasema, "lakini unagonga kila upande. Nimepapasa kuta zote, bibie. Mlango haupo."

Mwanzoni alidhani ni mzaha, kwa maana alikuwa ameolewa na mtu wa mizaha, lakini aliposukuma kwa bega na mlango ukawa mzito kama ukuta, na ile harufu ya chumba kilichofungwa ikaanza kupita chini ya kizingiti ikamfunika miguu, na ndani akamsikia mumewe akihesabu kuta kwa kunong'ona, akifika mwisho na kuanza upya, huku kisigino cha mtu ambaye si mumewe kikipiga polepole pembeni yake, aliacha kusukuma akaikimbilia simu. Akampigia shangazi wa mumewe.

Shangazi alikuwa tabibu wa watu waliopandwa na majini, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Walimwengu walisema majini yalihama kwa kuogopa kusemwa. Alifika akihema, akanusa mlango, uso ukambadilika.

"Amekipata kile kijitabu cha jasusi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Akazitoa pini zangu?"

"Ni kazi yake, Shangazi. Zilikuwa na kutu."

Shangazi alifumba macho. "Mumeo alipokuwa mtoto alianza kuzungumza na mtu wa kwenye picha, na yule mtu akawa anamjibu. Nikalifungia jini humo humo, nikabana kwa chuma, maana haligusi chuma. Mama yake nilimwambia akizike. Naye hakuwahi kutupa hata kifungo."

"Si mngekichoma tu?"

"Jini ni moto, mwanangu. Ukilichoma umelifungulia njia."

Akafukiza ubani, akasoma dua kwa sauti ndogo, paji la uso likiwa limegusa mlango. Mlango ukajifungua wenyewe. Fundi alikuwa amesimama katikati ya chumba, jasho likimtiririka, akitabasamu. Mkewe alimrukia akamkumbatia, akalia bila aibu.

Shangazi alikifunga kijitabu bila kukitazama. "Lete pini, upesi."

"Mikono inanitetemeka," Fundi akasema, akajisogeza ukutani. "Apige mke wangu."

Basi akapiga yeye, kwa stepla ya kazini, pande zote. Chini ya jalada kitu kikaanza kugonga. Mkono wake ukasita.

"Usisimame," Shangazi akasema. "Linabisha hodi tu."

Akamaliza. Shangazi akaenda zake akiwa ameridhika, na nyumba ikatulia.

Mumewe alikuwa mpole kuliko zamani. Alisema amechoka na karakana, akawa anashinda sebuleni akimtazama anavyoshona. Mkate aliumega kwa vidole, kisu hakukigusa. Mbele ya mlango uliofungwa alisimama mpaka mkewe aje kuufungua, na mkewe alidhani ni heshima mpya, akaifurahia. Kila asubuhi alisema kwa upole, "Kile kitu tukichome."

"Shangazi alikataza."

"Shangazi amezeeka."

Alasiri moja mkewe alikuwa akimjaribishia shati jipya. Uzi ulining'inia kwenye kola; akainua mkasi aukate. Mumewe aliruka nyuma, kisigino kikapiga ukuta, na kishindo kile mkewe alikijua.

"Weka chini," akasema. Sauti haikuwa na hasira yoyote.

Mkewe akacheka, kwa sababu hakupata kitu kingine cha kufanya. Akasema anakwenda kutafuta uzi. Aliingia karakana na mkasi wake, akafunga mlango, akasukuma komeo la chuma. Kijitabu kilikuwa kwenye rafu. Kilikuwa bado kinagonga, kwa udhaifu, kama mtu aliyechoka kusubiri.

"Fundi," akanong'ona juu ya jalada. "Ni wewe?"

Kugonga kukakoma.

"Ni mimi."

Akaikamata koleo ndogo, machozi yakimzuia kuona. Pini hizi alizipiga yeye, kwa mkono wake mwenyewe. "Nakutoa sasa hivi. Nisamehe, nakutoa."

"Usizitoe." Ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia kulia. "Nilizitoa mimi, nikaingia mimi. Ukizitoa wewe, mimi nitatoka na wewe utaingia. Huku ni kuta tupu, bibie. Sitaki upaone."

Hapo ndipo alipojua kwa hakika kwamba ni mumewe. Jini lingeomba kutoka.

Nje hatua zilikuja zikakoma. Kitasa kilikuwa cha chuma na hakuna mkono uliokijaribu.

"Mke wangu," sauti ya mumewe ikasema kutoka upande wa pili, tamu kabisa. "Nifungulie."

Alikaa kidogo, koleo mkononi, katikati ya yule anayesema fungua na yule anayesema usifungue. Kisha akairudisha koleo mezani. Akakificha kijitabu ndani ya gauni, tumboni, akajipangusa uso, akavuta komeo.

"Umekichoma?" likamuuliza.

"Bado. Kesho."

Lilimpisha, likiuangalia mkasi. Akapita, akakaa kwenye cherehani, nalo likakaa mbele yake likamtazama kwa macho ya mumewe. Tumboni mwake kijitabu kilianza kugonga tena, polepole. Akakanyaga cherehani kwa nguvu zake zote, ili mlio wake uufunike ule mwingine.