Kitambaa cha Kuazima

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chiriku aliketi kwenye meza ya jikoni akaandika, mkono mmoja ukifunika karatasi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Lakini safari hii alikuwa ameapa: hadithi hii hamwambii mtu mpaka aimalize. Mwalimu angechagua moja tu kati ya hadithi za darasa zima, isomwe mbele ya wazazi.

Wazo alilipata kanisani, akitazama picha ya yule mama aliyempangusa Yesu uso njiani kwenda kusulubiwa. Alijiuliza: je, kama kitambaa kilikuwa cha kuazima kwa jirani? Jirani angerudishiwa nini?

Jumatatu, fundi cherehani alimwita kutoka dirishani. "Chiriku! Yule jirani alikipokea kitambaa chenye damu?"

Chiriku alishtuka, akaongeza mwendo. Mbele kidogo, muuza maziwa naye akadakia, "Huyo jirani mfanye mkali, mwanangu. Mpole hanogeshi hadithi!"

Nani kamwaga mtama kwenye kuku wengi? Bila shaka ni binamu yake, waliyelala naye chumba kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako! Binamu alipomletea chai, Chiriku aliwaza: anachungulia. Alipomwachia mto mzuri: anajipendekeza. Kalamu nayo iligoma. Kila sentensi aliiona kama imeshaibiwa.

Jioni moja alilipuka. "Umenitangaza mtaa mzima!"

"Mimi?" binamu alishangaa. "Hata sijui unaandika nini. Unaatamia karatasi kama kuku!"

Bibi, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini. "Mjukuu wangu, Jumamosi kwenye sala ya jumuiya, ulipofika wakati wa maombi, uliomba nini?"

Chiriku alikumbuka. Alikuwa ameomba, "Ee Bwana, nisaidie nimalize hadithi ya mama aliyekupangusa kwa kitambaa cha kuazima, jirani akakidai, mama akakosa la kumjibu..." Mwanzo mpaka mwisho! Na wote, fundi na muuza maziwa wakiwemo, waliitikia, "Twakuomba utusikie."

Binamu, aliyebaki nyumbani siku hiyo na homa, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nisamehe," Chiriku alisema, macho chini.

"Andika," binamu alijibu. "Vyombo nitaosha mimi."

Usiku huo kalamu ilikubali. Jumamosi iliyofuata hadithi ilikuwa imebaki ukurasa mmoja, na zamu yake ya kuomba ilipofika, jumuiya nzima ilitega masikio.

"Ee Bwana," alisema, "nisaidie kwa lile unalolijua."

"Twakuomba utusikie!" Sauti ya fundi ilizidi zote.

Wakirudi nyumbani, Bibi alimshika mkono. "Umeona? Mungu husikia hata la moyoni. Wazo changa ni chungu jikoni, ukikifunua kila mara hakiivi. Lakini kikichelewa kuiva, mjukuu wangu, usimwite mwizi aliyekuletea kuni."